Udongo Wako Uliota Moto

Taban, kaka yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako siulizi. Yangu ungeiona ungeijua: nimenyoa nywele, nimekonda, na kibanda changu cha makaa hapa Awindiri, mjini Arua, nakifungua jua likishapanda, wateja wakiwa wameshahamia kwa jirani. Ungenicheka pia kwa Kiswahili hiki. Sisi watoto wa askari tulikulia Kiswahili cha kambini, na hiki cha vitabu nilikiokota Bungoma wakati wa ndoa yangu. Ulikuwa ukisema nikiandika hivi naonekana kama mtu anayeomba kazi. Basi leo naomba. Naomba unisikilize, maana kuna jambo limetokea nyumbani Kuluba juu yako, na wewe ndiye mtu pekee ambaye angelielewa bila kuelezwa.

Nakato ndiye aliyenipigia simu. Yule mwenzako wa kazini huko Ulaya, Mganda, mliyekuwa mkiwatunza wazee pamoja. Alisema siku hiyo ukungu ulikuwa mzito, basi likakushusha chini bondeni, likakataa kupanda, nawe ukaamua kukata njia ya miguu juu ya mlima ili usichelewe zamu. Mfugaji aliyekuwa akitafuta kondoo wake ndiye aliyekukuta. Ulikuwa umekaa, umeegemea ukuta wa mawe, mikono umeitia mifukoni. Daktari aliandika moyo. Mimi nasema baridi, lakini mimi nauza makaa, nani ataniuliza.

Kukuleta nyumbani kulitushinda. Ukoo ulichanga, kanisa likachanga, bado tukashindwa. Wakakuzika huko huko, kwenye makaburi yaliyo juu ya kijiji, ambako uzio ukiisha hapo hapo mlima unaanza. Nakato alituma picha. Watu wamevaa makoti meusi na upepo umewainamisha wote upande mmoja. Wazee wako walikuja, wengine kwa viti vya magurudumu, na bibi mmoja ameshika kofia yako ile ya sufu kifuani. Nilimwonyesha Mama. Aliitazama ile picha muda mrefu, kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya mkeka.

Unajua kwetu mtu akifa hatulali ndani mpaka awekwe ardhini. Siku habari ilipofika, Mama alitoa mkeka wake akautandika chini ya upenu wa nyumba. Tulidhani akisikia umezikwa atarudi ndani. Hakurudi. Alisema neno moja tu, na mpaka leo nalisikia. "Hajazikwa. Iko amefichwa tu."

Akabaki nje. Na kifua chake unakijua. Kiangazi chote alilala pale na vumbi la usiku, akikohoa, na Shangazi Poni akilala kando yake ili amfunike shuka linapoteleza. Tulimsihi sote. Baba mdogo Wani alikuja kutoka Koboko na mchungaji wake, wakamsomea na kumwombea, akasema amina vizuri kabisa, kisha akajilaza pale pale. Niliogopa, Taban. Nilihesabu kwamba mvua zikianza atakuwa bado nje, na nitakuwa nawazika wawili.

Ndipo Baba mdogo akakumbuka jinsi walivyofanya kwa babu yake aliyefia vitani. Mwili haukuonekana tena, lakini mwenzake mmoja alirudi na udongo wa kaburi, ukazikwa nyumbani, mambo yakatulia. Mama alipoulizwa alikubali. Mtoto wake akija, hata akiwa udongo, atamzika na ataingia ndani. Nikampigia Nakato, ambaye alikuwa karibu kuja likizo. Alipanda pale juu akachota kwa kijiko cha jikoni, akajaza kopo kubwa la biskuti, akalifunga kwa gundi ya karatasi kila upande.

Wakati nalisubiri lile kopo niliishi mlimani kwako. Kila jioni nikifunga kibanda mkono unakwenda wenyewe kwenye simu, kwa sababu ndiyo saa uliyokuwa ukinipigia, ukitembea, ukinionyesha. Watu hapa wanadhani Ulaya yote ni ghorofa na taa. Wewe ulinipa kijiji kilicho juu kabisa, ambako barabara inafika imechoka, nyumba za mawe zimekuwa nyeusi, hata paa ni mawe, na nyuma ya nyumba ya mwisho hakuna kitu tena, mlima tu. "Kiden, huku iko mlima lakini miti hakuna. Umenyolewa kama kichwa ya mufiwa." Nilidhani unatia chumvi. Ukageuza simu, na kweli, mlima mpana, hauna kilele cha kusema hiki hapa, umelala tu chini ya mawingu, na vichaka vifupi vigumu visivyopita goti. Mwezi mmoja katika mwaka vichaka vile vyote vinatoa maua ya zambarau, na hapo tu ndipo nilipokusikia ukisema ni kuzuri. Miezi iliyobaki ni rangi ya chai iliyopoa.

Nakumbuka zile kuta. Mawe yamepangwa juu ya mawe bila saruji, yanapanda mlima moja kwa moja hadi yanapotelea ukunguni, na ulikuwa ukiniuliza nani aliyabeba, kana kwamba mimi najua. Nakumbuka ndege yule mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye kilio chake kinapanda mwishoni kama mtu anayeuliza swali. Na pale mahali ambapo ardhi inaonekana ngumu, ukikanyaga inatetemeka, mguu unazama hadi gotini. Ulipoteza kiatu siku ya kwanza. Mtu amezaliwa nyumbani kwa watu waliochoka, akaitwa Taban, mchovu, halafu anakwenda kutafuta kazi mahali ambapo hata ardhi inachosha kutembea. Nilicheka siku hiyo. Tulicheka sote wawili.

Lakini kilichokuwa kikinichekesha zaidi ni lile rundo la mawe. Ulikuta mawe yamerundikwa mahali pa juu, na wewe mtoto wa Kuluba ukajua hilo ni kaburi, tena la mtu mkubwa. Ukawa kila ukipita unavua kofia. Kwenye upepo ule. Mpaka bibi yako mmoja, yule aliyekuwa akikuita mwanangu, akakuambia pale hajazikwa mtu. Ni alama tu, ili mtu akishikwa na ukungu aione ajue njia iko wapi, na kila apitaye huongeza jiwe lake. Ukaniambia, "Sasa nimejua. Lakini kofia bado natoa."

Na ulinieleza udongo. Hilo ndilo ninalokuja kwalo. Ulisema mlima wote ule umefunikwa na udongo mweusi, wa majani yaliyooza majini miaka na miaka, na kwamba wazee unaowatunza, walipokuwa watoto, baba zao walikuwa wakiukata vipande kama matofali, wanaukausha kwa upepo, kisha wanauwasha na kupikia chai. Nikakuambia usinidanganye, mimi nauza vitu vya kuwaka, udongo hauwaki. Ukasisitiza. Ulisema wakati wa kuchoma vichaka wanachoma kipande kwa kipande, watu wamesimama kando na majembe, kwa sababu moto ukiingia kwenye udongo ule hauzimiki. Unatembea chini kwa chini, wiki nyingi, juu huoni kitu ila moshi kidogo. Nikasema haya, mganga, lala salama. Sikuyafikiria tena.

Kopo lilifika. Nakato mwenyewe alilileta hadi Arua, akanikabidhi kwa mikono miwili, tukalia pale kituoni bila haya. Nikalipakata mpaka Kuluba. Pale Koboko dereva alitaka niliweke kwenye buti na mizigo mingine. Nikamwangalia tu, akafunga buti.

Tulilifungua mbele ya Mama. Ulikuwa udongo mweusi, umelowa, unanuka kinamasi na kitu kingine kama majani ya chai. Mama alitia mkono ndani, kisha akautoa haraka. "Iko baridi," akasema. Basi. Shangazi Poni hakuhitaji zaidi ya hapo. Unamjua, akishaamua jambo ni kama mvua, unajikinga tu. Alisema, "Mutu ametoka safari ya baridi namna hii, munamutia kwa shimo hivi hivi? Akae kwanza kwa moto." Hakuna aliyebisha. Ingekuwa vibaya kubisha, maana hata mgeni wa kawaida akifika usiku tunamkaribisha motoni kabla hatujamuuliza habari. Akakumwaga kwenye kigae cha mtungi, akakuweka kando ya moto wa matanga, kwenye mafiga, mahali pa heshima.

Tungekuzika siku ya pili yake. Lakini wajomba hawakuwepo, na bila wajomba kaburi halifunikwi. Walikuwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Sudan Kusini, wakahangaika na barabara. Tukawangoja. Kila siku watu walikuja kukusalimu. Mama alikuwa akikusimulia habari, za mihogo, za yule mbuzi mwenye pembe moja, za nani kaoa. Shangazi alikusogeza karibu na moto kila asubuhi, kisha tena kidogo. Nami niliona udongo unabadilika, unakauka, unapungua, unakuwa mwepesi na kupasuka vipande. Niliona na sikukumbuka kitu. Huzuni humfanya mtu zuzu.

Wajomba walifika asubuhi moja, na kelele za kupokeana, na vilio kuanza upya kama ilivyo desturi, watu wote wakaenda langoni. Tuliporudi, Shangazi Poni alisimama ghafla akashika kichwa. Kaa moja lilikuwa limeteleza kutoka kwenye figa. Udongo wako ulikuwa unawaka. Hapakuwa na mwali. Wekundu tu, mdogo, unatembea polepole kutoka ukingoni kwenda katikati, na nyuma yake unaacha majivu ya rangi ya chungwa. Baba mdogo alichukua mtungi wa maji. Mama akamzuia mkono. "Musimumwagie maji." Basi tukasimama pale, ukoo mzima, wajomba na mizigo yao bado begani, tukakuangalia ukiungua.

Kisha maneno yakaanza. Mjomba mmoja alisema chini chini, lakini sote tulisikia, kwamba umekataa kuja. Mwingine akasema mtu hazikwi majivu, kwetu haijapata kuwa. Baba mdogo, ambaye si mtu mbaya, alisema hatuwezi kuzika kitu ambacho hatujui ni nini. Tuombe udongo mwingine, tungoje. Nikamtazama Mama. Tungoje ilikuwa na maana ya mkeka chini ya upenu, na upande wa mlima Liru mawingu yalikuwa yameshaanza kusimama mchana.

Nikasema. Nilisema kila kitu ulichoniambia, mlima usio na miti, majani yaliyooza, matofali ya udongo, chai. Baba mdogo aliniuliza kwa upole, kama unavyomuuliza mgonjwa, "Udongo gani iko naungua, Kiden?" Nikajibu, wa huko kwake. Udongo wa kwake ndiyo hivyo. Wakanitazama kama mtu aliyeshikwa na wazimu wa msiba, na Shangazi akanishika bega anikalishe. Ningefanya nini? Shahidi wangu ulikuwa wewe, na asiyekuwepo na lake halipo.

Ni Mama aliyeniuliza. Hakuniangalia, aliangalia kigae.

"Alikusemea huko iko baridi?"

Nikasema ndiyo, kila siku.

"Hata siku ile?"

Nikasema hata siku ile, Mama. Siku ile zaidi.

"Basi ameota moto," akasema. Akapiga magoti, akaanza kukuchota kwa mikono yake, majivu na vipande vyeusi ambavyo havijaisha, vingine bado vina moto ndani. Shangazi alikimbilia kibuyu. Mama hakukingoja. Wajomba walitazamana. Yule aliyesema umekataa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchukua jembe.

Tulikuweka kando ya Baba. Shimo dogo, si la kina, na udongo wetu mwekundu ukarudishwa juu yako bila kushindiliwa, maana Mama hakutaka ukanyagwe. Tukaimba, tukala, watu wakatawanyika. Nikamngoja Mama aingie ndani. Hakuingia. Asubuhi nilipoamka mkeka wake ulikuwa mtupu, nikakimbia nyuma ya nyumba.

Alikuwa amekaa kwenye kaburi lako. Na kaburi lilikuwa linatoa moshi.

Moshi mwembamba, Taban, mweupe, unatoka kwenye ufa mmoja na kupanda bila haraka. Baba mdogo alitokea nyuma yangu na jembe, amefadhaika, anataka kufukua azime. Mama aliinua kiganja kimoja tu. "Mumuache. Bado iko naota." Halafu akarudisha mkono wake pale ulipokuwa, viganja vyote viwili vimekunjuliwa juu ya kaburi, kama mtu aliye mbele ya sigiri asubuhi ya baridi. Nikakaa kando yake, nikatia mkono wangu. Ardhi ilikuwa na joto. Tangu simu ya Nakato nilikuwa nimelia vilio vyote vya desturi, vya kupokea wageni na vya kuwasindikiza. Pale ndipo nilipolia changu.

Ulifuka siku ile, na iliyofuata. Watu walikuja kutazama, wakasimama mbali. Mama hakuwajali. Alikaa nawe mchana, na jioni alijilaza karibu, akikohoa. Kisha mvua ya kwanza ikaja kutoka upande wa Liru, matone makubwa ya mbali mbali, yale yanayoamsha harufu ya vumbi. Nikakimbia kumfunika. Alikataa shuka. Alikaa akaangalia tone kwa tone, mpaka ule ufa ukajaa maji na moshi ukakatika. Akangoja tena kidogo, ahakikishe. Kisha akainuka, akauendea mkeka wake pale upenuni, akaukunja, akaingia nao ndani.

Ningependa kukuambia kwamba sasa amepona. Hapana. Kifua kile hakijamwacha, na anakula kama ndege. Nikienda Kuluba Jumapili ananitaka nimweleze mlima wako, nami namweleza, kuta, maua, ndege anayeuliza swali. Kila mara ananiuliza kama hakukuwa na mti hata mmoja wa kuegemea. Nasema hakuna, Mama, palikuwa na ukuta. Anatikisa kichwa. Jumapili nyingine ananiuliza tena.

Na mimi nimeelewa yale ya moto ulioingia ardhini. Nauza makaa, nacheka na wateja, nawatania boda boda, juu huoni kitu. Nimekukasirikia pia, nikuambie ukweli. Kwa zamu ile. Kwa nini hukukaa tu kule bondeni ukangoja ukungu uondoke? Wazee wangesubiri chai yao. Sisi huku tulikuwa tunakusubiri wewe.

Jumapili iliyopita nilibeba jiwe. Nililiokota barabarani, zito kidogo, nikalipakata garini kama nilivyokupakata wewe, nikaliweka juu yako pale ulipokuwa ule ufa. Baba mdogo alipopita akaliona. Aliporudi alikuwa na la kwake.

Lala sasa, mwana wa mama yangu. Kwaheri yangu ni hii na ahadi yangu ni hii: kila nikija nitaongeza jiwe, na watoto wangu wataongeza, mpaka rundo lako lionekane toka barabara ya Oraba. Watu watadhani ni la mtu mkubwa, watavua kofia. Sitawaambia kitu. Wewe huko uliko, ukungu ukikushika tena, usikae. Usiegemee ukuta wowote. Tazama mbele utafute mawe, uyafuate, ni sisi.

Dada yako,
Kiden